Damu Iko Wapi? Nilivyoripoti Gari Birmingham na Matatu Kisumu

Oyawore, watu wangu wa Kisumu, na wengine wote habari zenu. Mkisikia kelele kwenye sauti ni upepo wa Birmingham, huu hauna adabu hata kidogo. Leo sipiki, leo naongea.

Mnaiona hii baiskeli? Ndiyo inayonipeleka kazini. Nafanya zamu kwenye nyumba ya kutunza wazee, kwa hivyo kuna siku natoka saa kumi na moja alfajiri giza likiwa totoro. Na hapa kifuani ni kamera. Mama aliniuliza kwenye simu kama siku hizi nafanya kazi ya upelelezi. Hapana Mama, ni mambo ya barabarani.

Juma lililopita gari la mizigo lilinipita karibu sana, kioo chake kikasugua mkono wa jaketi. Sikuanguka, sikuumia. Nikafika nyumbani, nikaingia kwenye tovuti ya polisi, nikapakia video, nikaandika saa, barabara na namba ya gari, nikaenda kupika ugali. Hivyo tu.

Huku Uingereza kitabu cha kanuni za barabara kilibadilishwa mwaka 2022. Kinasema dereva akipita baiskeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, aache angalau mita 1.5, na akienda kasi zaidi aache zaidi. Kukosa kuacha mita 1.5 si kosa lenye jina lake. Ni kipimo ambacho polisi hukitumia kuamua kama uliendesha kwa uangalifu au la. Ukipatikana na kosa la kutokuwa mwangalifu, adhabu ya kawaida ya papo hapo ni pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Pointi zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, unaweza kunyang'anywa leseni kabisa.

Utamu uko hapa: polisi huandikia barua mwenye gari, na kwa makosa ya namna hii wana siku 14 tu tangu siku ya tukio, ndiyo maana mimi sichelewi kutuma. Mwenye gari lazima aseme nani alikuwa kwenye usukani. Akinyamaza, hilo nalo ni kosa lenye pointi 6. Ile yetu ya "si mimi, ni shemeji alikuwa ameiazima" huku haina miguu, kwa sababu watataka jina la shemeji.

Na polisi wa hapa West Midlands, yaani Birmingham na miji jirani, ndio walioanza mchezo wa kuvaa nguo za kiraia na kupanda baiskeli wenyewe, mwaka 2016. Ukimpita afande karibu bila kujua ni afande, anaita wenzake mbele kwa redio, unasimamishwa, unaonyeshwa mkeka uliotandazwa chini wenye picha ya baiskeli na umbali unaotakiwa. Mkeka, watu wangu! Si ule wenu wa kubeti wa Jumamosi.

Sasa twende nyumbani. Desemba nilikuwa Kisumu. Nikachukua ndiga, yaani baiskeli, ya binamu yangu, Black Mamba yenye karia kubwa nyuma ambayo yeye hubebea kreti za mkate, nikasema leo natoka Kondele hadi Nyamasaria kama enzi za shule. Kifuani kamera. Kabla sijafika mbali, matatu ikaja nyuma na honi ndefu, makanga ananing'inia mlangoni. Wakati wa kunipita alinyoosha mkono akagonga kreti, pap! Kama mchezo. Nikatoka kwenye lami, gurudumu la mbele likazama mchangani, nikabaki nimekumbatia usukani huku abiria wa dirishani wananiangalia.

Nikaenda kituo cha polisi. Sitakitaja, na afande wa pale mezani alikuwa mtu mpole, alinipa hata kiti. Akaniuliza, "Umeumia?" Hapana, afande. "Baiskeli imevunjika?" Hapana. "Damu iko wapi?" Hakuna. Akaweka kalamu juu ya OB, kile kitabu cha kuandikia matukio ya kituo. "Sasa niandike nini kwa OB, kwamba uliogopa?"

Waliokuwa wamepanga foleni walicheka. Hata mimi nilicheka, kusema kweli. Lakini usiku sikulala, nikaenda kutafuta sheria yetu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 49: kuendesha gari bila uangalifu, au bila kuwajali wengine wanaotumia barabara, ni kosa. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno damu. Halimo. Halitaji mfupa wala hospitali. Kifungu cha kusababisha kifo kiko kando, na kina adhabu yake. Kwa hivyo afande angeniandikia hivyo hivyo, nikiwa mzima, na shati langu safi.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "wewe umeenda majuu sasa unatufundisha." Ngoja. Huku pia nimetukanwa na madereva, nimeonyeshwa vidole, na video nyingi nilizotuma sijawahi kujua ziliishia wapi. Madereva wengine huishia kupelekwa darasani tu. Na wa kunifundisha mimi baiskeli ni nyinyi. Si bodaboda zilianzia kwetu huko magharibi mwa Kenya, Busia kwenye mpaka na Uganda, miaka ya 1960, zikiwa baiskeli? Jina lenyewe ni la mpaka, "border" kwa "border". Leo mwenye baiskeli ndiye anayeambiwa barabara si yake.

Niliporudi huku nilimwachia binamu kamera yangu ya zamani, na maneno machache. Usimkimbize dereva, hata ukikasirika vipi, mkate utamwagika na wewe pia. Shika namba ya gari na jina la sacco, yaani chama cha wenye matatu, maana matatu haipewi leseni ikiwa haina sacco au kampuni, na ofisini kwao kuna mtu wa kujibu. Video usiikate wala kuitia muziki. Iache ilivyotoka kwenye kamera, kwa sababu mahakamani Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ilirekodiwa vipi na kwa kifaa gani. Na usiirushe mitandaoni kwanza halafu ndiyo uende polisi. Kituoni, taja kifungu cha 49 kwa heshima, na usiondoke bila namba ya OB.

Ijumaa akanipigia. Gari la Probox lilikuwa limembana karibu na soko la Kibuye, akaenda kituo kile kile, kwa afande yule yule. Hakuumia, kreti zote salama. Nikamuuliza, ehe, ameandika? Ameandika, namba ninayo. Kisha afande akairudisha video mara mbili, akamtazama, akasema, "Hii kamera mmenunua pesa ngapi? Mimi pia huja kazini na baiskeli."