Siku Haikamatwi, Huchumwa

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana bado nalikuta kwenye fulana na kwenye kuta za madarasa, msemo wa Kilatini: “Carpe diem, yaani ikamate siku.” Ikamate! Siku imeiba nini?

Carpere, kitenzi cha hiyo “carpe”, kwa Mrumi ni kuchuma. Mkono unapanda tawini, vidole vinashika kikonyo, tunda linakatika. Zabibu huchumwa, maua huchumwa. Mnyama akila majani malishoni, ni carpere hiyohiyo. Wasichana wakichambua sufu, carpere. Ni kazi ya kidogo kidogo, ndiyo maana msafiri naye huambiwa “anaichuma” njia, hatua baada ya hatua.

Sasa mrudieni Horatius, mshairi wa Kirumi aliyeuandika msemo huu: kitabu cha kwanza cha Ode zake, shairi la 11, mwaka 23 kabla ya Kristo. Anamkataza mwanamke aitwaye Leuconoe kuwauliza wapiga ramli wa Babeli lini yeye na mshairi watakufa. Nje ni kipupwe, Bahari ya Tirenia inajipigiza miambani. Anamwambia afanye nini? Chuja divai. Matumaini marefu yapogoe, maana muda ni mfupi. Kisha: carpe diem, na kesho usiiamini sana. Divai, kupogoa, kuchuma: mnaliona shamba la mizabibu? Siku imeiva mtini. Ukiandika “kamata” umeng'oa mzabibu mzima.

Najua kuna atakayesema kuchuma ni neno pole, halina haraka. Huyo hajawahi kukaa Pemba msimu wa karafuu. Karafuu huchumwa kabla ua halijachanua. Ikichanua, umechelewa, thamani imekwenda. Haraka gani tena mnaitaka? Na neno lenyewe tunalo, tena limekwisha kutoka shambani: mchumia juani hulia kivulini. Tunachuma mali, tunachuma faida. Kwa nini tukaazime “kamata” ilhali hata Kilatini hakikuisema?

Naona naonyeshwa saa. Carpere ya kumdonoa mtu kwa maneno, kumvunjia jina, naiacha. Lakini Dido, malkia wa Karthago aliyeunguzwa na mapenzi, siwezi kumwacha. Mwanzo wa kitabu cha nne cha Aeneis, utenzi wa mshairi wa Kirumi Vergilius, tunaambiwa malkia huyo carpitur, yaani carpere ya kutendwa, kwa moto usioonekana. Hapo “anachumwa” haisemeki. Mimi katika kutafsiri nimeandika “moto wamla”, na ninapoandika hivyo namfikiria yule mnyama malishoni: anarudia palepale, mdomo baada ya mdomo, hadi ardhi inabaki wazi.