Namna ya Kutazama Kinyago cha Shetani cha Kimakonde

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mezani nimeweka kinyago cha shetani cha Kimakonde, cha mpingo, chenye urefu wa shubiri mbili hivi, nasi tutakitazama umbo lake kabla hatujauliza kinasimulia kisa gani. Mimi huuza vinyago, na wateja wengi huniuliza "Hiki ni nini?" wakiwa bado mlangoni.

Kifute vumbi, kisha kiinue kwa kukishika kitako. Narudia: kitako, wala si mkono, wala si pembe. Niliwahi kuinua kimoja kwa mkono wake mwembamba mbele ya mteja aliyekwisha kulipa, nikabaki na mkono wa shetani mkononi mwangu. Inasimuliwa kwamba Samaki Likankoa, mchongaji anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huu jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1950, naye alivunjikiwa na mkono wa sanamu ya kawaida, akaigeuza ikawa shetani. Mimi sina kipaji hicho, kwa hiyo nilirudisha fedha.

Washa taa. Samahani, naona uso wote umemezwa na mng'ao mweupe, kwa sababu taa nimeiweka mbele, na mpingo uliong'arishwa hurudisha mwanga kama kioo. Ngojeni niihamishie ubavuni. Sasa jicho limejitokeza, nalo ni moja tu.

Anzia chini, upandishe macho polepole. Mguu huu unapinda na kuwa tumbo, tumbo linachomoza titi, na titi limeshikwa na mkono ambao, ukiufuata hadi unapoanzia, utaukuta umeota kisogoni. Katika masimulizi ya Wamakonde, mashetani ni viumbe vinavyobadilika maumbo, na vingine huelezwa kuwa na jicho moja au sikio moja. Mchongaji amelisema hilo kwa kuuvunja ulinganifu wa mwili, hata jicho lako likose mahali pa kutua. Kinyago cha ujamaa, chenye watu waliopandana kuzunguka gogo, hukupa angalau nguzo ya kushikilia, lakini hapa hakuna nguzo.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo kuliko zote. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kinyago, kisha uyatazame matundu badala ya mti. Tundu hili kati ya mkono na tumbo lina umbo la mdomo wa ndege, na hili la juu limechongoka kama jani. Kinyago chote kimetoka katika kipande kimoja cha mti, bila kuunga wala kugundisha, kwa hiyo kila uwazi unaouona ni mti uliotolewa kwa makusudi na patasi.

Kizungushe robo, kwa kitako. Mstari huu wa manjano iliyofifia mgongoni ni sehemu ya nje ya mpingo, ambayo haina weusi wa kiini. Wateja huudhani kasoro, lakini mchongaji ameuachia ushuke kama uti wa mgongo.

Kizungushe robo nyingine. Kutoka huku, kile tulichokiita titi kimekuwa kichwa cha kiumbe kidogo kinachonyonya, na ule mkono wa kisogoni ndio unaokipakata.