Baada ya Maji Kupwa

Wazee wetu, ndugu zangu na vijana mliofika hapa Mombasa jioni ya leo, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie matumaini baada ya maafa, nami nitaanza na tope, kwa sababu mafuriko yakishapita, tope ndilo linalosalia kwenye magodoro na madaftari ya watoto, na mara nyingi mtu hukata tamaa wakati huo, magari ya misaada yakiwa yameshaondoka.

Wengi wenu mnaikumbuka El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Mito ilifurika ikabeba udongo wa bara hadi kwenye hori zetu, na kule Mwache, hori mojawapo ya hapa Mombasa, tope likaifunika mizizi ya mikoko, ile inayochomoza juu ili ivute hewa. Miti ikakosa pumzi, ikafa imesimama. Kwa mvuvi huo ni msiba hasa, maana kaa, kamba na samaki wachanga hukulia humo.

Msitu wa namna hiyo hurudishwa kwa mikono. Mbegu ya mkoko huota ingali inaning'inia mtini, ndefu kama penseli, nawe huichomeka matopeni maji yakiwa yamekupwa. Lakini ukiichomeka pasipofaa umeipoteza, na anayejua panapofaa ni mvuvi mzee aliyezoea kuona bamvua, yaani maji makuu, linafika wapi na maji mafu, yale madogo, yanaishia wapi. Ninaamini kwa dhati kwamba aliyepatwa na maafa, akiulizwa anachokijua na akapewa kazi na kauli katika kujenga upya, huinuka upesi kuliko yule anayepangwa foleni ya unga tu. Sisemi unga usitolewe. Mwenye njaa alishwe kwanza. Na mtoto anayeshtuka usiku kila mvua ikigonga mabati naye aketishwe, asikilizwe, asiambiwe anyamaze.

Tazameni Gazi, Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza mikoko, wanauza haki za kaboni, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na wenyewe huamua fedha ziende kwenye maji au shuleni.

Mwezi Novemba 2023 maji yaliingia tena majumbani mwetu. Kabla ya masika yajayo, naomba kila mtaa uwe na orodha ya wazee na wagonjwa wasioweza kutoka peke yao, na waiandike akina mama majirani, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani analala chumba kipi.