Mnunuzi wa Mtandaoni Hana Mkono

Asanteni sana, naona wengine bado mnatafuta viti, njooni huku mbele nafasi zipo, tuanze tu maana muda hautusubiri.

Nimeombwa niongelee kuuza sanaa mtandaoni na najua wengi mmekuja mkitegemea niwaambie namna ya kupata wafuasi wengi. Mimi naona hiyo sio shida yenu kubwa. Kuna wasanii nawajua wana wafuasi maelfu kwa maelfu, laiki zinamiminika, na hawajauza kitu mwaka mzima, halafu kuna mwingine wafuasi wake wachache tu na kila mwezi kazi inatoka. Nimekaa nikawaangalia sana hawa watu wawili na tofauti niliyoiona ni kwamba huyu anayeuza kaelewa mnunuzi wa mtandaoni hana mkono.

Yaani kwenye maonyesho mtu anasimama mbele ya picha, anasogea, anarudi nyuma, anainamisha kichwa aone rangi ilivyopanda, na ukigeuka tu anapitisha kidole hata kama umeandika usiguse. Mtandaoni hayo yote hana, ana kioo cha simu upana wa kiganja, tena kapunguza mwanga kuokoa chaji. Kwahiyo kazi yako wewe muuzaji ni kumpa huyo mtu mkono na jicho, mengine yote yanafuata hapo.

Tuanze na kupiga picha, hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wanapoharibu. Flashi achana nayo kabisa, inagonga rangi ya mafuta au vanishi inakuachia doa jeupe katikati ya kazi. Toa kazi nje siku ya mawingu, au kivulini, au iweke karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Kama ni usiku tumia taa mbili zinazofanana, moja kushoto moja kulia, kila moja imekaa mshazari nyuzi 45, na ile ya dari uizime, maana ukichanganya mianga, nyeupe yako inakuwa njano upande mmoja na bluu upande wa pili, na mteja akipokea mzigo anakwambia hii sio niliyonunua, na ana haki. Simu iwe usawa wa katikati ya kazi, isiiname. Usiisogelee sana pia, rudi nyuma halafu vuta picha kidogo kwa zoom, kwasababu lenzi pana ya simu ukiwa karibu inapinda kingo na mstatili wako unavimba kama mto.

Halafu picha moja haitoshi jamani. Piga ya mbele nzima, piga kona moja kwa karibu mpaka alama za brashi zionekane, piga ubavu, piga nyuma, piga saini, halafu piga moja kazi ikiwa ukutani juu ya kiti. Kwanini kiti? Kiti kila mtu anajua ukubwa wake. Kwenye simu kazi ya sentimita 20 na kazi ya mita 2 zinalingana! Andika vipimo kwa sentimita, andika ni rangi ya nini juu ya nini, ina fremu au haina, inakuja imeviringishwa au imewambwa kwenye mbao. Maelezo marefu ya hisia zako yaje baadaye.

Sasa masoko. Kuna masoko ya mtandaoni kama Etsy ambalo lipo tangu 2005, pale kuweka bidhaa moja ni senti 20 za dola kwa miezi 4 na ikiuzwa wanachukua asilimia 6.5, na wanaikata mpaka kwenye hela ya usafirishaji uliyomtoza mteja, hiyo wengi hawaijui mpaka wanapoona hesabu haikai sawa, na gharama ya kupokea malipo ipo pembeni. Saatchi Art, soko la mtandaoni la kazi za sanaa, wao wanachukua asilimia 40. Watu wanasikia 40 wanaruka, lakini nyumba nyingi za sanaa zinachukua nusu nzima, na hawa wanakuletea mtu ambaye tayari amekuja kununua. Mimi siwalaumu. Ninachosisitiza ni bei iwe moja kila mahali, ukiuza rahisi kwenye inboksi mteja aliyenunua sokoni atakuja kuona na hatarudi tena.

Na mitandao ya kijamii sio yako, umepangishwa. Mwaka 2016 Instagram waliacha kuonyesha posti kwa mfuatano wa muda, watu waliozoea kuonwa na wafuasi wao wote wakajikuta hawaonekani. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizima kwa takriban saa 6 kwa mpigo. Kwahiyo kila aliyenunua kwako na kila aliyeuliza kwa nia, muombe imeili, akikubali iandike kwenye daftari lako. Mtu 1 kwenye daftari mimi namhesabu kuliko wafuasi mia.

Kuna matapeli pia, hawa wanatulenga sisi wasanii hasa. Ujumbe unakuja, mke wangu ameipenda sana kazi yako nataka kumshtukiza, punguzo la bei haombi, halafu anatuma hundi iliyozidi bei na anaomba hiyo iliyozidi umtumie mtu wake wa usafirishaji. Hundi inakuja kugoma baadae, hela yako imeshaenda. Ukiona malipo yamezidi, usirudishe hata senti na kazi usitoe.

Kufunga mzigo nitasema moja tu ambalo liliniuma. Niliwahi kufunga picha ya mafuta na ile nailoni yenye vipovu vya hewa moja kwa moja juu ya rangi, ilikuwa na joto njiani, ilipofika uso mzima una viduara viduara. Mteja alilia na mimi nililia. Kwanza weka karatasi laini isiyo na asidi, kisha kadibodi, vipovu vije nje ya hapo, na kona zote 4 uzikinge.

Naona mkono pale nyuma. Eeh dada, uliza... anauliza aandike bei au aseme njoo inboksi. Andika bei dada yangu. Kwenye maonyesho kuna kikaratasi pembeni ya picha, mtu anakisoma kimyakimya, akiona haiwezi anasogea na hakuna aliyejua. Ukimwita inboksi inabidi aulize, na ukimtajia akaona kubwa inabidi akukatalie usoni, watu wengi hiyo aibu hawaitaki wanapita tu, na katikati yao alikuwepo ambaye hela anayo.