Ngano ya mkulima wa Ohio, na mlango ambao majimbo hayajawahi kuufungua

SALMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Salma, niko Columbus, Ohio, na huku baridi imeanza kukaza. Mwenzangu yuko Kilifi, Kenya. Shikamoo Mwalimu.

KAZUNGU: Marahaba mwanangu. Huku maembe ndiyo yanaanza, na jua ni lile lile. Haya, Salma, juzi ulinitumia ujumbe wa sauti kwamba huko Marekani kuna watu wanataka katiba irekebishwe bila kupitia Bunge la taifa. Nimekaa na hilo jambo siku tatu. Linawezekanaje?

SALMA: Linawezekana, na limeandikwa ndani ya katiba yenyewe, Kifungu cha 5. Njia ya kawaida ni Kongresi kupitisha pendekezo kwa thuluthi mbili za kila upande, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Lakini kuna njia ya pili. Thuluthi mbili za mabunge ya majimbo zikiomba, Kongresi lazima iitishe mkutano wa kupendekeza marekebisho. Kwa hesabu ya leo ni majimbo 34 kati ya 50. Na pendekezo litoke upande wowote, haliingii kwenye katiba mpaka robo tatu ya majimbo iliridhie. Hayo ni 38.

KAZUNGU: Kwa hiyo yakisimama majimbo 13 yakasema hatutaki, limekwisha.

SALMA: Limekwisha.

KAZUNGU: Na hiyo njia ya pili imetumika mara ngapi?

SALMA: Hata mara moja. Marekebisho yote 27 yalianzia Kongresi. Nakumbuka nilipokuwa najisomea mtihani wa uraia, kulikuwa na maswali mia moja ya kukariri, nikiyasoma jikoni huku wali uko motoni. Moja linauliza marekebisho ni mangapi. Jingine linasema, taja mamlaka moja ya majimbo. Mimi jibu langu lilikuwa kutoa leseni ya udereva, kwa sababu leseni yangu ilikuwa pale pale kwenye pochi, imeandikwa Ohio juu kwa herufi kubwa.

KAZUNGU: Leseni! Na mamlaka ya serikali kuu?

SALMA: Kuchapisha pesa, kutangaza vita, kufunga mikataba na nchi nyingine. Ukisoma vile unaona mpaka umechorwa vizuri. Marekebisho ya 10, ya mwaka 1791, yanasema wazi kwamba yale ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Sasa nikuhadithie habari ya mkulima mmoja wa hapa hapa Ohio, karibu na Dayton, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka ninapokaa.

KAZUNGU: Nihadithie.

SALMA: Anaitwa Roscoe Filburn. Mwaka 1941 sheria ya kilimo ilimruhusu kupanda ngano ekari 11 na kidogo. Akapanda 23. Ile ya ziada ilitoa busheli 239. Filburn akasema ngano hii ni yangu, nalisha mifugo yangu, nasaga unga wa nyumbani, nyingine ni mbegu ya mwaka ujao. Serikali ikamtoza faini ya senti 49 kwa kila busheli. Dola 117 na senti 11.

KAZUNGU: Kwa ngano ya kulisha kuku wake?

SALMA: Ndiyo. Katiba inaipa Kongresi mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo. Filburn akauliza, biashara gani hapa, na ngano haijatoka shambani? Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikamjibu, majaji wote kwa kauli moja: wewe ukila ngano yako hununui sokoni, na wakulima wengi wakifanya hivyo bei ya nchi nzima inatikisika. Kwa hiyo ngano yako inagusa biashara baina ya majimbo. Akashindwa.

KAZUNGU: Na hakuna neno lililobadilishwa kwenye katiba?

SALMA: Hakuna hata nukta. Hilo ndilo nililotaka ulione, Mwalimu. Mamlaka yalihama kutoka majimboni kwenda Washington, na karatasi ikabaki ile ile.

KAZUNGU: Hebu nikae na hilo kidogo, maana kwetu ilikuwa kinyume. Mwaka 1963 tulikuwa na katiba ya majimbo. Mikoa saba, kila mkoa na bunge lake, na Seneti juu kulinda mikoa. Ronald Ngala, mtu wa hapa Pwani, ndiye alikuwa kiongozi wa KADU, na majimbo yalikuwa ndiyo roho ya chama kile. Marehemu babangu alikuwa akilitamka neno majimbo kama mtu anayetaja shamba lake. Novemba 1964 KADU ikajivunja na kuhamia KANU, chama tawala. Desemba 12 tukawa jamhuri. Mwaka 1966 Seneti ikafutwa. Yote yalifanywa kwa marekebisho ya katiba, bungeni, mchana kweupe. Kwenu waliacha maneno yalivyo wakachukua mamlaka, kwetu walifuta maneno kwanza.

SALMA: Na mwisho wake ukafanana.

KAZUNGU: Ukafanana. Nairobi ndiyo ikawa inaamua kila kitu, mpaka katiba mpya ya 2010 ilipoleta kaunti.

SALMA: Kuna njia nyingine ya Washington, nayo ni pesa. Mwaka 1984 Kongresi iliona vijana wanakufa barabarani kwa ulevi, ikataka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 nchi nzima. Lakini umri wa pombe ni mambo ya majimbo. Basi ikasema, jimbo litakalokataa tutalikata asilimia 5 ya pesa za barabara kuu. South Dakota ilikuwa inawaruhusu wa miaka 19 kununua bia nyepesi, ikaenda mahakamani. Mwaka 1987 ikashindwa.

KAZUNGU: Mkono mtupu haulambwi. Hapa kaunti zinajua hilo vizuri sana. Katiba inasema zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini mgao ukichelewa, zahanati inakaa bila dawa na gavana anabaki kupanda ndege kwenda kuomba.

SALMA: Ndiyo maana mimi siwadharau hawa wanaoomba mkutano. Wengi huku wanawacheka. Lakini ukimsoma George Mason wa Virginia utawaelewa. Septemba 15, 1787, siku mbili kabla ya katiba kutiwa saini kule Philadelphia, rasimu ilikuwa imeacha marekebisho mikononi mwa Kongresi. Mason akasimama akasema, serikali hii ikiwa ya kuonea, wananchi hawatapata kamwe marekebisho wanayoyahitaji kupitia kwayo. Ndipo ule mlango wa majimbo ukawekwa.

KAZUNGU: Alikuwa na haki. Huwezi kumpa fisi funguo za zizi.

SALMA: Alikuwa na haki kwenye hilo. Na alikuwa anamiliki watumwa. Lazima tuliseme, kwa sababu maneno haya, haki za majimbo, yana damu. Majimbo ya Kusini yaliyatumia kutetea utumwa, na baadaye kutetea ubaguzi. Mwaka 1957 kule Little Rock, Arkansas, gavana aliweka askari wa jimbo kuzuia watoto tisa weusi wasiingie shule. Rais Eisenhower akapeleka jeshi ndipo wakaingia. Mimi nina mabinti wawili wanasoma shule ya umma hapa Columbus. Nikifikiria wale watoto tisa, siwezi kusema serikali kuu ifungwe mikono tu halafu nilale usingizi.

KAZUNGU: Nakuelewa kabisa. Nasi neno majimbo lilichafuliwa hivyo hivyo. Mwaka 1992 Bonde la Ufa, na 1997 Likoni, watu waliuawa na wengine wakafukuzwa kwa sababu waliitwa wa kuja. Kulikuwa na wanasiasa waliolichukua neno alilolipigania Ngala, wakaligeuza kuwa kila mtu arudi kwao. Mimi nilikuwa mwalimu wakati ule. Baada ya Likoni kuna madawati yalibaki matupu darasani kwangu mpaka mwaka ukaisha. Watoto wa bara hawakurudi.

SALMA: Pole sana, Mwalimu. Hujawahi kunihadithia hilo.

KAZUNGU: Sisemi mara nyingi. Endelea.

SALMA: Hata Kusini yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1850 ilitaka sheria ya taifa ya kuwakamata watumwa waliotoroka, hata wakiwa Kaskazini. Hapo serikali kuu ilikuwa tamu. Jimbo lililokataa lilikuwa Wisconsin, mahakama yake ikasema sheria hiyo ni batili. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ikalizima. Kwa hiyo mimi kila nikisikia mtu anadai haki za jimbo, namuuliza, unaitaka kufanya nini, na juu ya nani?

KAZUNGU: Na hawa wa sasa wanaitaka kufanya nini?

SALMA: Kuna makundi mawili makubwa. La zamani linataka serikali kuu ilazimishwe kusawazisha bajeti. Mwaka 1983 lilifika majimbo 32, yakabaki mawili tu, halafu mengine yakaanza kuondoa maombi yao. La pili ni pana zaidi: kubana matumizi, kupunguza mamlaka ya Washington, na kuweka ukomo wa mihula kwa wabunge na maofisa. Kufikia 2022 majimbo 19 yalikuwa yamepitisha ombi hilo.

KAZUNGU: Hilo la pili linanitia wasiwasi. Kupunguza mamlaka ni maneno mapana kama bahari.

SALMA: Hapo ndipo ninapoachana nao. Katiba haisemi mkutano utaendeshwa vipi. Wajumbe wangapi? Kila jimbo kura moja, au kwa idadi ya watu? Kimya. Na wanaoogopa wanakumbusha kwamba mkutano wa 1787 wenyewe uliitwa kurekebisha mkataba uliokuwapo, wakatoka na katiba mpya kabisa.

KAZUNGU: Nami niongeze la kwetu. BBI, ule mswada wa kurekebisha katiba yetu, ilipopelekwa kwenye kaunti mwaka 2021, zaidi ya mabunge 40 kati ya 47 yaliipitisha kwa wiki chache. Mswada ulioanzia juu kabisa, ukavaa kanzu ya wananchi. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikasema Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa mwananchi. Kwa hiyo usidhani bunge la chini ni sauti ya chini. Linaweza kuimba wimbo wa mkubwa bila kukosea neno.

SALMA: Ndiyo, na hata huku pesa za kampeni hizi hazitoki kijijini. Mimi ningeunga mkono kama wangeleta sentensi yenyewe. Kwa mfano, waseme wazi kwamba biashara baina ya majimbo haihusu chakula mtu alichokilima akakila nyumbani. Au kwamba pesa za barabara zisifungwe kwa masharti yasiyohusu barabara. Niisome, niibishie, majimbo 38 yaamue. Na haki za mtu zilizowekwa na marekebisho ya 14, mwaka 1868, zisiguswe hata kidogo.

KAZUNGU: Lakini sentensi moja itafika wapi? Wangapi watajali?

SALMA: Iko moja iliyofika. Mwaka 1982 mwanafunzi wa chuo kikuu kule Austin, Texas, Gregory Watson, aliandika insha juu ya pendekezo lililopitishwa na Kongresi mwaka 1789 na kusahaulika: wabunge wakijiongezea mshahara, nyongeza isianze mpaka uchaguzi upite. Akasema bado liko hai. Mwalimu wake akampa C.

KAZUNGU: C!

SALMA: Akaanza kuandika barua kwa wabunge wa majimbo, moja baada ya nyingine, miaka kumi. Mei 1992 yakatimia majimbo 38. Ndiyo marekebisho ya 27, lile jibu nililolikariri jikoni.

KAZUNGU: Na ile C?

SALMA: Chuo kiliibadilisha mwaka 2017. Wakampa A.

KAZUNGU: Miaka 35. Mimi nina karatasi za wanafunzi bado ziko kabatini, Salma. Kesho nazitoa nizisome tena.