Video inarukaruka kwenye laptop ya zamani? Subiri kwanza usinunue bando

Haya jamani habari zenu, niko Chikongola hapa Mtwara, mezani nina laptop ya mama mmoja wa Mikindani anayejifunza ushonaji kwa video, ni ya 2012, na wiki hii keshanunua bando mara mbili akidhani net ndo mbovu. Inaniuma kwa kweli.

Tucheze video yake YouTube. Angalia mstari wa chini, nyekundu ni pale ulipofika na kijivu ni kilichoshaingia. Kijivu kikiisha na kaduara kakaanza kuzunguka, hapo sawa, net. Lakini ona hii, kijivu kiko mbele kabisa, sauti inaenda vizuri, ila mkono wa fundi uko kwenye kola unaganda, ukija kustuka kola ishashonwa, sasa mama atajifunza nini hapo?

Bofya kulia juu ya video, chagua "Stats for nerds", soma palipoandikwa Codecs. Umeona vp09? Wengine mtakuta av01. Ndo video ilivyofungashwa, inapunguza MB lakini kuifungua ni kazi nzito na chipu ya picha ya 2012 haiijui, basi mzigo wote unamwangukia prosesa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone CPU, yaani hiyo prosesa, ilivyojaa. Na kwenye Frames namba ya dropped inapanda tu, hizo ni picha zilizotupwa.

Sasa dawa. Natumia Firefox, nenda kwenye viendelezi vyake (Add-ons) tafuta h264ify, hiyo inailazimisha YouTube ilete video iliyofungashwa kwa namna nyepesi, weka, halafu fungua video upya. Codecs sasa inasema avc1, hiyo chipu yake inaijua. Ila angalizo, avc1 inakula MB zaidi kwa ubora uleule, kwa hiyo shusha ubora wa video uwe 480p, mshono unaonekana vizuri tu.

Ukiona bado nzito ingia Settings ya Firefox, General, shuka mpaka Performance, ukikuta "Use recommended performance settings" ina tiki itoe, hapo ndo utaiona "hardware acceleration", ile inayompa chipu ya picha kazi, hakikisha ina tiki, funga brauza ufungue tena. Chomeka na chaja, maana laptop nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguzia kasi. Na feni ipulizwe vumbi, kwa joto letu hili prosesa ikichemka inajipunguza yenyewe hata ufanye yote hayo.

Haya turudi kwenye kola, ona sindano inavyopita, tundu kwa tundu, dropped imesimama.