Kistari, Dashi na Samaki wa Homa Bay

Wachapaji, mafundi wa vibao na wenye hoteli wa Kisumu, nianze na samaki. Menyu imeandikwa “Samaki Homa Bay-style,” yaani wa mtindo wa mji wa Homa Bay. Isomeni jinsi macho yanavyopita. Kistari kifupi (-) hushika neno lililo ubavuni mwake tu. Hapo kimeshika Bay, kikaifunga na style. Homa imeachwa nje, imemwegemea samaki. Mnamuuzia mteja samaki homa!

Wamarekani nao wanalo tatizo hilo. Chicago ni neno moja, kwa hiyo pitsa ya Chicago-style haina taabu. New York ni mawili. Ukiandika New York-style, kistari kinashika York, ambao ni mji wa Uingereza, na unachosoma ni pitsa mpya ya mtindo wa York. Ndiyo maana mwongozo wa uandishi uitwao Chicago huweka dashi (–), New York–style: dashi ni pana kuliko kistari, upana wake wa asili ni wa herufi N, nayo hubeba jina zima. Mtindo wa shirika la habari la AP hauitumii kabisa.

Atatokea wa kusema: basi tuandike Homa Bay–style, yaishe. Hayaishi. Kwenye kibao cha ukutani, mtu aliye ng'ambo ya barabara haoni tofauti ya dashi na kistari. Dawa tunayo nyumbani, ni a-unganifu: samaki wa Homa Bay. Hiyo “wa” hufunga jina lote, liwe neno moja au matatu. Ila ina mtego wake: samaki huyo amevuliwa Homa Bay au amepikwa kama wanavyopika kule? Kama ni upishi, taja upishi: “ngege wa mchuzi, mapishi ya Homa Bay.” Ngege akiwa ametoka kwenye kidimbwi cha kufugia halafu menyu iseme “wa Homa Bay” tu, mteja amedanganywa, hata kama mchuzi ni mtamu.

Mtanitajia Afro-Shirazi. Chama kile cha siasa cha Zanzibar kilistahili kistari, kwa sababu Afro haiwezi kusimama peke yake. Tex-Mex, jina la mapishi ya Marekani, ni hivyo hivyo: vipande vya Texas na Mexico, na kistari ndicho kinachovifanya neno moja. Lakini Kiluo na Kiluhya ni maneno kamili. “Mapishi ya Kiluo-Kiluhya” ni upishi wa jamii isiyokuwepo. Meza ikiwa na omena (dagaa) wa Kiluo huku na ingokho (kuku) wa Kiluhya kule, andikeni “mapishi ya Kiluo na ya Kiluhya.” Mbona mnaliogopa neno “na”?

Dashi itumieni pale tu inapoonyesha kutoka hapa hadi pale: reli ya Nakuru–Kisumu, Sh350–500, saa 6–9, bila nafasi upande wowote. Na ukishaandika “kuanzia,” malizia na “hadi.” “Kuanzia 350–500” ni kosa.

Kwenye Windows, shikilia Alt uandike 0150 kwa tarakimu za upande wa kulia wa kibodi. Kwenye Mac ni Option pamoja na kistari. Kwenye simu, kandamiza kistari bila kuachia mpaka vingine vijitokeze.

Sasa pesa. Mnaotuma menyu ya siku kwa SMS, sikieni: dashi haimo katika herufi za kawaida za SMS. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150, uliokuwa SMS moja, unakatwa vipande vitatu, na unalipia vitatu kwa kila mteja. Andikeni “350 hadi 500.” Na msinakili bei kutoka Word, kwa sababu dashi huweza kuja nayo bila nyinyi kuiona.

Wachapaji, mkikuta â€“ mahali pa dashi, faili limesomwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyohifadhi herufi) usio wake. Msianze kufuta moja moja. Lifungueni upya kwa usimbaji wa UTF-8. Mkikuta kisanduku kitupu, fonti haina dashi, badilisheni fonti.

Kuhusu safu nyembamba muda umekwisha, kwa hiyo chukueni hili tu: Tex-Mex isikatike mwisho wa mstari, kwenye Word bonyezeni Ctrl, Shift na kistari kwa pamoja.